Kalibu na Cheche: Safari ya Chuma cha Dar es Salaam

Ulaze ubavu mtungi wa gesi wa kilo 6, ule mdogo unaobadilishwa kila kona ya Magomeni, kisha upitishe kidole gumba tumboni mwake. Katikati, chini ya rangi, utagusa tuta jembamba linalouzunguka kama mkanda. Hilo ni kovu la kuchomelea. Juu ya mkanda kuna bakuli la chuma lililofunikwa kifudifudi, chini yake kuna bakuli jingine lililokaa wima, na yote mawili yalianza yakiwa maduara bapa ya bati nene, kama chapati. Duara liliwekwa mdomoni mwa kalibu jike, kalibu dume ikashuka kwa uzito wa tani nyingi, bati likavutika na kuzama bila kuchanika mpaka likachukua umbo. Kisha mabakuli mawili yakagusanishwa midomo, moto ukayazunguka mara moja, na tangu hapo ni chombo kimoja kinachokaa chini ya meza ya mama lishe kikiwa kimeshika gesi yenye nguvu ya kubomoa ukuta.

Ng'ambo ya barabara, kwenye banda la miti na mabati, fundi anatengeneza geti. Anakata bomba la pembe nne kwa grainda, anapanga vipande sakafuni, anapima kwa macho na kwa kamba, anavuta kinyago usoni na kupiga cheche. Mshono unafuata mshono. Kitu pekee katika geti lile kilichopitia kalibu ni yale maua na mikuki ya juu, na hivyo kavinunua Kariakoo, vimekuja na meli.

Mtungi na geti vinatoka katika historia moja. Kalibu ni ghali kutengeneza, lakini ikishakuwepo hutoa vitu elfu vinavyofanana kama mapacha, kwa hiyo hulipa penye wingi. Cheche hulipa hata penye kitu kimoja, kwa mteja mmoja anayetaka dirisha la vipimo vyake. Penye vyote viwili, chuma huwa chepesi, imara na cha bei nafuu. Dar es Salaam iliipata cheche mapema na kuimiliki; kalibu ilikuja kwa kuchelewa, ikaondoka, ikarudi ndani ya makontena. Kwa nini ilikuwa hivyo ndiyo habari ninayotaka kuisimulia.

Moto wa mkaa, kabla ya 1905

Kuunga chuma kwa moto hakukuletwa na mkoloni. Kagera, wanaakiolojia walikuta mabaki ya tanuri za kuyeyushia chuma za takriban miaka 2,000. Ufipa, Upare na Unyamwezi, koo za wafua chuma zilikuwa na heshima na miiko yake, na jembe la chuma lilitumika hata kama mahari na kama fedha sokoni. Mfua chuma aliyetaka kuunga vipande viwili alivipasha kwa viriba mpaka vikawa vyeupe, vikaanza kutoa vimulimuli, akaviweka kimoja juu ya kingine na kugonga. Ngozi za vyuma viwili hushikana na kuwa moja. Fundi wa namna hiyo alisoma joto kwa rangi, na akizidisha kidogo chuma huungua kama ukuni.

Pwani walijua pia kazi ya kalibu. Masultani wa Kilwa walitoa sarafu za shaba karne nyingi kabla Mreno hajafika: kipande kidogo cha shaba, maandishi yaliyochongwa kinyume kwenye chuma, pigo moja la nyundo, jina la sultani limebaki. Lakini hiyo ilikuwa kazi ya ikulu. Kijijini kila jembe lilikuwa na mkono wa aliyelifua, na hakuna aliyehitaji mawili yanayofanana.

Pigo la kwanza kwa mafundi hao lilikuja bila kelele. Majembe ya kiwandani kutoka Ulaya, yaliyopigwa kwa kalibu maelfu kwa maelfu, yalianza kushushwa bandarini na kuuzwa kwa bei ambayo mtu wa viriba hawezi kuifikia. Hayakuwa lazima bora kuliko yake. Yalikuwa mengi.

Karakana ya reli, 1905 hadi 1918

Reli ya Kati ilianza kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905 na kufika Kigoma mwaka 1914. Reli haiwezi kuishi bila karakana: boila hutoboka, magurudumu hulika, vyuma vya breki hupasuka. Kwa hiyo mji ukapata tanuri kubwa, mashine za kutoboa na za kukereza, na vijana wa Kiafrika waliokuwa wakishika koleo upande wa pili wa Mhindi au Mjerumani, wakitazama.

Vita vya Kwanza vya Dunia vilipoanza, karakana hiyo ilipewa mtihani ambao bado unanishangaza. Manowari ya Kijerumani Königsberg ilizamisha meli ya Waingereza Pegasus bandarini Zanzibar tarehe 20 Septemba 1914, lakini mitambo yake yenyewe ilikuwa imeharibika. Ikajificha katika mikono ya Rufiji. Sehemu zilizoharibika zikafunguliwa, zikakokotwa nchi kavu kwa jasho la wenyeji mpaka Dar es Salaam, zikatengenezwa na kukokotwa tena kurudi. Manowari ilizamishwa Julai 1915, na hata hapo mizinga yake ikaopolewa na kwenda kupigana nchi kavu.

Siku hizohizo, Kigoma, meli nyingine ilikuwa ikiunganishwa. Goetzen, ambayo leo tunaiita Liemba, ilijengwa Papenburg huko Ujerumani, ikafunguliwa, ikapakiwa katika makasha 5,000 na kupitia Dar es Salaam kwa treni. Iliteremshwa majini Februari 1915. Ukiitazama vizuri utaona vichwa vya ribiti vimepangwa kama vifungo vya kanzu, safu kwa safu. Kuchomelea kwa umeme kulikuwa kumekwisha kubuniwa: Mrusi Benardos alifanya hivyo miaka ya 1880 kwa kijiti cha kaboni, na Msweden Oscar Kjellberg mwanzoni mwa karne ya 20 akabuni kijiti kilichopakwa dawa, babu wa vijiti tunavyonunua leo kwa pakiti. Ila hakuna aliyethubutu kuamini meli nzima kwa mshono wa moto. Meli ya kwanza ya baharini iliyochomelewa yote, Fullagar, ilitoka Birkenhead, Uingereza, mwaka 1920.

Na kalibu? Mwaka 1916, Wajerumani wakiwa wamezingirwa na fedha zimekwisha, walipiga sarafu Tabora, katika karakana ya reli, zikiwemo sarafu za dhahabu za rupia 15 zenye picha ya tembo. Mitambo iliyozoea kukarabati mabehewa ikageuka kiwanda cha fedha. Nadhani ndiyo mara ya kwanza kwa karakana ya huku bara kutoa kitu kimoja maelfu ya mara.

Waingereza waliingia Dar es Salaam Septemba 1916. Kambi ya wapagazi wao, Carrier Corps, ikaacha jina ambalo ulimi wa Kiswahili ulilifanya Kariakoo. Jirani yake, Gerezani, ukingoni mwa reli, pakawa kwa miaka mingi makao ya watu wa nyundo.

Enzi ya debe, 1919 hadi 1945

Mafuta ya taa yalikuja katika makopo ya galoni nne, mawili kwa kila kasha la mbao. Mafuta yalipokwisha, bati lilibaki. Sijui kama kuna kitu kutoka ng'ambo kilichopendwa na kutumika upya kuliko debe. Lilikuwa ndoo, kipimo cha mahindi (na bado ni kipimo), ngoma ya harusi, paa la nyumba likikunjuliwa, na kwa mikono ya fundi bati likawa koroboi, karai, jiko la mkaa, sanduku la mwanafunzi.

Kazi hii haikuhitaji umeme. Fundi alikuwa na mkasi wa bati, nyundo ya mti, kipande cha reli cha kugongea na chuma cha kulehemia chenye kichwa cha shaba kilichokaa kwenye mkaa. Kipande cha reli kilikuwa ndicho kalibu yake: tako la reli lilikunja pembe iliyonyooka, kichwa chake cha mviringo kilikunja mdomo wa ndoo, na pembe ya kiunzi cha mbao ilikunja mengineyo. Umbo lilikaa mkononi na kichwani. Ndoo mbili za fundi mmoja zilikaribia kufanana kwa sababu mkono ni uleule.

Udhaifu wa debe ulikuwa kwenye mshono. Lehemu ni risasi na bati laini. Ukilitikisa sana au kulipasha moto, linaachia. Jeshi la Uingereza lililijua hilo kwa machungu. Katika jangwa la Afrika Kaskazini, mwaka 1940 na 1941, petroli yao ilisafirishwa katika makopo yaleyale ya galoni nne, mishono ikafunguka malorini, na mafuta mengi yakamwagika mchangani kabla hayajafika kwenye magari.

Wapinzani wao walikuwa na kitu kingine. Mwaka 1937 Wajerumani walitengeneza kopo la lita 20 kwa vipande viwili tu, kila kimoja kikiwa kimepigwa kwa kalibu, na vikachomelewa pamoja. Ile alama kubwa ya msalaba uliolala ubavuni haikuwekwa kwa urembo: inalipa bati ugumu na kuliachia nafasi ya kutanuka jua likiwaka. Mshono umezamishwa ndani ili usigongwe. Mishikio ni mitatu, ili mtu mmoja abebe makopo manne matupu au wawili washirikiane kulibeba moja. Waingereza walipoyateka waliyatumia, kisha wakayanakili, wakayaita kwa jina la utani walilowapa Wajerumani, Jerry. Ndiyo jerikani. Leo hata dumu la plastiki kuna wanaoliita hivyo, lakini jerikani la kwanza ni somo kamili la mada yetu: kalibu ilipunguza vipande vikabaki viwili, na moto ukaondoa lehemu.

Huko Marekani somo hilo lilikuwa limekwisha kujulikana kwenye magari. Edward Budd wa Philadelphia, aliyefungua kampuni yake mwaka 1912, aliwashawishi ndugu Dodge waachane na mbao wakubali bodi la chuma tupu: mabati yaliyopigwa kwa presi na kuchomelewa. Magari mengi yaliyopita Barabara ya Morogoro tangu hapo ni wajukuu wa wazo hilo.

Umeme na uwanja mpya, 1945 hadi 1967

Vijana wa Tanganyika walirudi kutoka vitani Burma na Ethiopia, na baadhi yao walikuwa wamejifunza udereva na ufundi jeshini. Kisha ukaja mradi wa karanga, Kongwa na Nachingwea, kuanzia 1947. Vifaru vya vita viligeuzwa matrekta, vikaharibika katika udongo mgumu, na mradi ulipoanguka mwaka 1951 uliacha hasara kubwa, mitambo mibovu kila upande, na watu waliokuwa wamezoea kuitengeneza.

Kuna gari moja la wakati huo ambalo fundi wa Dar es Salaam angelielewa kuliko mwanauchumi yeyote. Land Rover ilitoka mwaka 1948, Uingereza ikiwa haina chuma cha kutosha wala fedha ya kutengenezea kalibu kubwa. Chesisi yake haikupigwa kwa presi. Walichukua vipande bapa vya chuma, wakavichomelea pande nne vikawa sanduku refu, na juu yake wakaweka bodi la aluminiamu lenye mikunjo michache. Cheche ilifanya kazi ya kalibu kwa sababu kalibu haikuwezekana. Gari lililozaliwa na uhaba likawa gari la mabwana shauri, la wapimaji ardhi, la mbuga. Uchomeleaji wa Gerezani na Magomeni umesimama juu ya hesabu hiyohiyo.

Magomeni yenyewe ilipangwa na kujengwa kwa kasi miaka ya 1950, viwanja vimepangwa mistari, nyumba za Kiswahili za vyumba sita zikipanda moja baada ya nyingine, na kota za serikali zikijengwa kando. Mwalimu Nyerere aliishi Magomeni katika miaka ya kudai uhuru. Kila nyumba mpya ilihitaji bawaba, komeo, mabati, kitanda. Chuo cha ufundi kilifunguliwa mjini mwaka 1957, ambacho leo ni Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam, DIT. Kiwanda cha ALAF kikaanza mwaka 1960 Barabara ya Pugu, na bati likawa kitu cha kununua hapahapa.

Umeme ndio uliogeuza mambo. Mashine ya kuchomelea ni transfoma tu: inachukua volti nyingi na kutoa ampea nyingi, basi. Fundi aliyekuwa na nyaya za shaba, chuma cha ndani cha transfoma iliyoungua na uvumilivu wa kuzungusha waya aliweza kuitengeneza mwenyewe, ikakaa ndani ya sanduku la bati ikiunguruma kama nyuki. Kituo cha Hale kilipoanza kutoa umeme wa maji mwaka 1964, nguvu ya mji iliongezeka. Mwanafunzi aliingia kwenye banda kama saidia fundi, akisukuma tupa na kushika vipande visichezecheze. Usiku wa kwanza aliochungulia cheche bila kinyago hakulala. Macho huwaka kama yametiwa mchanga. Wengi bado wanajifunza hivyo, na wengi bado wanachomelea kwa miwani ya jua. Inaniuma kila ninapoona.

Viwanda vyenye kalibu, 1967 hadi 1978

Azimio la Arusha la Februari 1967 liliweka viwanda mikononi mwa umma. Ubungo, kilomita chache kutoka Magomeni, kwa msaada wa China kikasimama kiwanda cha zana za kilimo, maarufu kwa kifupi chake UFI. Humo jembe lilipashwa moto na kupigwa kwa kalibu chini ya nyundo za mashine. Jirani yake kilikuwa kiwanda cha nguo cha Urafiki. Mtu aliyepita asubuhi alisikia ardhi ikidunda kwa pigo lile. Baada ya miaka mingi ya kununua jembe la ng'ambo, nchi ilikuwa na kalibu yake.

Hapa ndipo njia panda. Ndani ya ukuta kulikuwa na presi, chuma cha kalibu, mtu anayejua kuipasha na kuizimisha katika mafuta ili iwe ngumu. Nje ya ukuta, Gerezani na Magomeni, kulikuwa na wachomeleaji waliojua kila mteja anataka nini. Laiti kiwanda kingewapigia mafundi wa nje vipande, bawaba, sahani za jiko, masikio ya ndoo, nao wakavichomelea kuwa bidhaa, mji ungekuwa na kitu kama kile ambacho Japani ilikijenga kati ya viwanda vikubwa na karakana za uani. Lakini kiwanda cha umma kilipimwa kwa idadi ya majembe. Hakuna aliyekitaka kigonge bawaba za fundi wa mtaani.

Serikali iliona pengo. Shirika la Viwanda Vidogo, SIDO, liliundwa kwa sheria ya mwaka 1973, na mwaka uliofuata ikaja sheria ya mafunzo ya ufundi stadi. Gerezani mafundi walikuwa na ushirika wao, DASICO, uliowaweka pamoja wa bati, wa majiko, wa kuchomelea. Hatua hizi zilisaidia sana upande wa cheche. Upande wa kalibu zilisaidia kidogo, kwa maana mashine za kukereza na kuchonga kalibu zilihitaji fedha za kigeni, na fedha za kigeni zilikuwa zinaelekea kwisha.

Uhaba, 1979 hadi 1985

Vita vya Kagera vilikwisha mwaka 1979 na kuiacha hazina tupu. Mafuta yalikuwa yamepanda bei, mazao ya biashara yameshuka. Kiwanda chenye presi kinahitaji chuma cha aina moja, unene mmoja, kila wiki. Kikikosa, kalibu hukaa kimya. Viwanda vingi vikafanya kazi kwa sehemu ndogo tu ya uwezo wake.

Mchomeleaji hahitaji chuma cha aina moja. Anahitaji chuma. Miaka hiyo ndiyo Gerezani ilipojenga jina lake: springi iliyovunjika iliungwa, boila ya hospitali ilizibwa, gia iliyokatika meno ilijazwa chuma kwa moto na kuchongwa upya kwa tupa, jino kwa jino, siku mbili. Mwaka 1983 serikali iliporuhusu mabasi ya watu binafsi, yale yaliyoitwa daladala kwa sababu ya nauli ya shilingi tano, yaani dala, malori na pikapu yaliingia mabandani yakatoka na viti vya mabomba, ngazi na paa. Yaliitwa chai maharage, abiria wakitazamana. Bodi halikupigwa kwa presi, lilishonwa kwa pembe za chuma na bati la kawaida, likawa zito kupita kiasi, likatetema, likahimili.

Gharama ya kushona tu kila kitu ilionekana kwa fundi mwenye jicho. Joto la mshono hulivuta bati, likapinda kama karatasi iliyolowa. Pembeni ya mshono chuma hubadilika, hukakamaa, na ufa huanzia hapo hapo barabara ikiwa mbaya. Bati lililokunjwa kwa kalibu lina ugumu wake lenyewe, halihitaji mifupa mingi. Mafundi walijua. Walichokosa ni kitu cha kulikunjia.

Geti, guta na maua ya Kariakoo, baada ya 1986

Milango ya biashara ilifunguliwa, na mji ukajengwa kwa hofu ya wezi. Dirisha bila grili likawa nadra. Hakuna kazi iliyolisha wachomeleaji wengi zaidi ya hiyo. Banda moja Magomeni Mapipa, jingine Magomeni Mikumi, jingine Magomeni Kagera, na kila moja likiwa na mbinu yake ya kukunja nakshi: bamba nene sakafuni lililochomelewa vigingi, flati baa inaingizwa kati ya vigingi na kuvutwa kwa wenzo mpaka izunguke kama mkia wa kinyonga. Ni kalibu ya wazi, isiyohitaji presi. Kenya, mafundi wa Kamukunji jijini Nairobi wana ndugu wa kifaa hicho.

Baiskeli za Kichina zilikatwa nyuma na kuchomelewa kitanda cha mabomba, zikawa guta, zinabeba friji na magunia ya vitunguu. Rimu na sahani za minyororo zilitoka kwenye kalibu za mbali, fremu ilitoka kwenye cheche ya hapa. Magari ya mtumba kutoka Japani yalileta somo jingine. Fundi wa kunyoosha bodi alifunua kapeti akakuta sakafu ya bati moja lenye unene wa aina mbili, na mstari mwembamba katikati. Tangu miaka ya 1980 viwanda vya magari vilianza kugeuza utaratibu: bati nene na bati jembamba huchomelewa kwanza yangali bapa, kisha yote pamoja hupigwa kwa kalibu. Mshono lazima uwe laini vya kutosha kunyooka bila kupasuka. Jambo lililoshindikana kwa ndoo ya lehemu sasa ni la kawaida.

Miaka ya 1990 na kuendelea, makontena yakajaza maduka ya Kariakoo kwa vipande vilivyokwisha kupigwa: maua, mikuki, majani, mabawaba yenye mipira, vichwa vya simba. Bei yake ni ndogo kuliko mkaa ambao mfua chuma angeutumia. Fundi akavichukua, kwa nini asivichukue? Geti lake likapendeza na akalimaliza siku moja mapema. Lakini kuanzia hapo urembo wa Magomeni na urembo wa Mwanza ni mmoja, na kalibu yake iko ng'ambo ya bahari.

Mafundi walipata majeraha mengine. Mgawo wa umeme wa mwaka 2006 na ule wa 2011 uliwakalisha mchana kutwa, mteja akisubiri. Mradi wa mabasi ya Mwendokasi, uliobadilisha Barabara ya Morogoro na kuanza kubeba abiria mwaka 2016, ulifika Gerezani na kituo chake. Mwaka 2022 kota mpya za Magomeni zilifunguliwa, nyumba 644, ghorofa kwa ghorofa, na katika majengo ya aina hiyo dirisha mara nyingi ni la aluminiamu. Kwa upande mwingine, mashine za kuchomelea zimekuwa nyepesi, mtu anaivaa begani na kwenda nayo kwa mteja.

Presi ya jeki

Nirudi kwenye lile banda la mwanzo la fundi wa geti, huko Mapipa, kwa sababu nyuma ya geti kuna kitu sikukitaja. Ni fremu ya chuma cha mfereji, nguzo mbili na vikingamo viwili, yote imechomelewa na fundi mwenyewe. Katikati imekaa jeki ya lori ya tani 20. Kila upande springi ya mlango wa gari inavuta kitanda kirudi juu. Akipampu, jeki inasukuma kalibu dume ndani ya kalibu jike, na chakavu cha bati la milimita 2 kinatoka kikiwa jani lenye mshipa katikati. Majani manne, kijiti kimoja cha nondo, nukta nne za moto: ua. Si ua la kontena. Lina ncha iliyopinda upande mmoja, na mafundi wa mabanda ya jirani wanakuja kuyanunua kwa kumi kumi.

Kalibu jike ameichonga kwenye bamba nene kwa gesi na tupa. Dume ni kipande cha eksili ya lori, na hapo ndipo palipomsumbua, kwa kuwa mwezi uliopita ncha yake ilimeguka. Chuma cha eksili hakichomelewi ovyo. Ukikipiga cheche kikiwa baridi, mshono unashika, unafurahi, kisha kinapopoa unasikia mlio mdogo kama kibiriti kilichovunjika: ufa.

Kwa hiyo aliwasha jiko la mkaa. Akakilaza kipande ndani mpaka kikaanza kubadili rangi, akakitoa kwa koleo, akajaza ncha kwa moto wa kijiti haraka haraka, tabaka juu ya tabaka, akigonga magamba kila baada ya tabaka. Kisha akakizika chote ndani ya ndoo ya majivu makavu kipoe polepole, akafunika na kwenda nyumbani.

Asubuhi aliingiza mkono majivuni, kipande kilikuwa bado na uvuguvugu. Akakipangusa kwa kitambaa, akakishika kwa vidole viwili, akakigonga mara moja kwa nyundo ndogo na kukisogeza sikioni. Kililia kwa sauti ndefu, bila kukwaruza. Akachukua tupa.